Mwaloni wa Cerovik Haukatwi

Jumatatu asubuhi, kabla hata hajanywa kahawa, Vukoman Krčevinac alikuwa ameshakwenda mara mbili kwenye uzio wa mama mdogo wake kuupima mwaloni. Aliining'iniza timazi kwenye nguzo ya uzio, akafumba jicho moja, akaulinganisha ukingo wa shina na uzi. Tangu Ijumaa mti ulikuwa umeinama tena kwa upana wa vidole viwili. Ulikuwa unainamia nyumba.

Alirudi kwake, akanywa kahawa akiwa amesimama, akaenda kuupima mara ya tatu.

Alikuwa na miaka hamsini na saba, na kazi yake tangu ujana ilikuwa kuangusha miti. Alianzia milima ya Bosnia, akaenda nyanda za Slavonia, kisha Austria kwa miaka thelathini na mmoja, akihama kambi hadi kambi, nyumba ya kupanga hadi nyumba ya kupanga. Mkewe Desanka, aliyekuwa Linz na watoto, alipenda kuwaambia wageni kwamba mumewe hajawahi kumaliza sahani ya supu akiwa kwenye kiti. Hilo halikuwa mzaha. Katika karamu ya mtakatifu wa ukoo, wenzake walipokaa mezani kwa saa nne, Vukoman alitoka mara sita kwenda kutazama kama mvua inakuja.

Safari hii alikuja kijijini kwao Cerovik kwa wiki tatu kuuza ardhi ya baba yake, na sasa alikuwa amekaa huko miezi mitano. Mnunuzi alipatikana Agosti: Nebojša, daktari wa meno wa Belgrade, aliyetaka nyumba ya kupumzikia na mistari ya miplamu ya kuwaonyesha marafiki. Saini zingewekwa Ijumaa, mbele ya wakili mjini Kragujevac, na Jumamosi kulikuwa na basi la Linz. Kati ya Jumatatu na Jumamosi kulikuwa na jambo moja tu la kumsumbua, nalo lilikuwa na mzunguko wa mita tano na msalaba kwenye gome.

Msalaba huo ndio uliofanya kila kitu kiwe kigumu. Mti wenye msalaba uliochongwa na padri huitwa zapis, yaani maandishi. Kila mwaka, siku ya Utatu, kijiji kizima huuzunguka mara tatu kikiimba, padri huupaka mafuta na divai, na watu huomba mvua ya mawe ipite mbali. Zapis haukatwi. Haukwewi, hauvunjwi tawi, hata kijiti kilichoanguka hakiokotwi kwa ajili ya jiko. Ukianguka wenyewe, unabaki pale pale ulipoangukia mpaka uwe udongo.

Kwa nje desturi hii inaweza kuonekana kama woga wa washamba. Lakini Šumadija, jina la eneo hili, maana yake ni nchi ya misitu, na anayepita leo kutoka mto Sava kushuka hadi Morava ya Magharibi ataona mahindi, miplamu, rasiberi, na vilima vilivyonyolewa kama kondoo. Kila nyumba ya Cerovik inajua ilikotoka. Mababu walikuja wakati wa Waturuki, kutoka Herzegovina, kutoka Sjenica, wakimkimbia mtu fulani au njaa fulani, na msitu uliwapokea kwa sababu ulikuwa mnene kiasi kwamba mtoza kodi aliogopa kuingia. Nguruwe walinenepa kwa mbegu za mialoni, wakaswagwa hadi ng'ambo ya Sava kuuzwa, na kwa fedha hizo zilinunuliwa bunduki za uasi wa kwanza dhidi ya Waturuki. Ilipopatikana nchi, msitu ukageuzwa mapipa, mataruma ya reli na kuni. Vizazi vitatu vilitosha. Jina la ukoo wa Vukoman lenyewe linatokana na neno la kufyeka. Mababu zake walifyeka bonde lote hili hadi mtoni, wakaacha mti mmoja, ule wenye msalaba.

Sasa mti huo ulikuwa umeoza mizizi ya upande wa magharibi, na mvua za Juni zilikuwa zimelainisha udongo. Chini yake, hatua kumi na nne upande wa mashariki, ilikuwa nyumba ya Kosana, mjane wa baba yake mdogo, mwenye miaka sabini na minane.

Vukoman alimkuta akichambua maharage kwenye ngazi.

"Umeshapima?" Kosana aliuliza bila kuinua macho.

"Vidole viwili."

"Vyako au vyangu? Vyako ni vinene."

"Mama mdogo, mti huu hauna wiki mbili. Redio imesema Alhamisi kuna mvua kubwa. Nenda ukalale kwangu."

"Nilale kwako, wewe mwenyewe hulali? Nasikia unavyotembea humo ndani kama farasi zizini." Alitupa haragwe bovu kwa kuku. "Nimeshahamia jikoni. Ukianguka, utavunja sebule. Sebule sina kazi nayo, wageni wangu wote wamekufa."

Ofisi ya wilaya ilikwishatuma barua mwezi Julai: mti uangushwe kwa usalama wa umma. Walitafuta mkandarasi katika vijiji vinne. Wa kwanza aliugua mgongo alipouona msalaba, wa pili alikumbuka harusi, na wengine wawili hawakupokea simu tena. Vukoman alikuwa amewacheka wote. Yeye alikuwa amekata miti mikubwa kuliko huu, karibu na makanisa makubwa kuliko lao, na mikono yake yote miwili ilikuwa bado mahali pake.

"Nitaukata mimi, kesho asubuhi," alisema. "Kama kuna laana, ije kwangu. Naondoka nayo Jumamosi."

Kosana aliweka sufuria chini. "Kata. Lakini nikuambie mapema ili usinilaumu. Siku utakapoutia msumeno, mimi nitatoka kwenye nyumba hii na sitarudi. Nyumba iliyookolewa namna hiyo, alale ndani yake anayetaka. Mimi nitakwenda kwenye makao ya wazee nikagombane na wasionijua."

Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, kisha akarudia maharage yake. Vukoman alimjua mwanamke huyo tangu utotoni. Mwaka mume wake alipokufa, aliapa kutokula nyama hadi kaburi lipate jiwe, na jiwe lilichelewa miaka miwili.

Alizunguka uwanja. Aliuzunguka mti, akazunguka nyumba, akautazama mti kutoka barabarani. Akiukata, anaokoa kuta tupu. Akiuacha, mti utamwua Kosana jikoni kwake, kwa sababu yeye alijua kitu ambacho Kosana hakukijua: mwaloni wa urefu ule usingeishia sebuleni.

Saa tano alikuwa kwenye banda la Miladin, jirani mwenye matrekta mawili na maneno mengi kuliko matrekta.

"Desturi inasema usikatwe," Vukoman alisema. "Inasema usivutwe?"

Miladin alifuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono. "Bwana we, miaka thelathini Austria na umerudi wakili. Hebu rudia."

"Mizizi ya magharibi imeoza, ya mashariki ndiyo inayoushika. Winchi yako, kapi moja, waya ufungwe juu. Tuuvute kuelekea magharibi kabla haujaanguka mashariki. Hakuna shoka wala msumeno. Utakuwa umeanguka."

"Utakuwa umeangushwa."

"Utakuwa umeanguka huku sisi tukiwa karibu."

Miladin alicheka hadi akakohoa. Kisha akaacha kucheka, maana alikuwa fundi na alikuwa ameanza kuuona waya kichwani mwake. Walimpigia padri. Padri alisema kwamba hakuna kitabu anachokijua kinachotaja winchi, na kwamba iwapo chuma hakitaugusa mti, yeye atakuja kusoma sala. Aliongeza kwamba wafikirie vizuri utakapolalia, kwa sababu hapo hautaondoka.

Hilo Vukoman alikuwa amelifikiria tangu asubuhi, ila hakutaka kulisema kwanza. Miladin alichora ramani kwa kidole kwenye vumbi la boneti.

"Mashariki, nyumba ya mama Kosana. Kaskazini, barabara na nguzo za umeme. Zapis wa kijiji cha Vrbica uliangukia njia wakati babu yangu yuko hai, na njia ndiyo iliyohama. Mpaka leo basi linapinda pale bila sababu. Kusini ni makaburi. Magharibi..." Aliacha kidole hewani.

"Magharibi ni kwangu," Vukoman alisema. "Mstari wa tatu na wa nne. Ile miplamu bora."

"Ni kwako hadi Ijumaa."

Miladin alitazama mlangoni, akapunguza sauti ingawa banda lilikuwa tupu. "Kaka, saini Ijumaa. Jumamosi asubuhi tunavuta, saa nne unapanda basi. Daktari wa meno ataona gogo, ataita magazeti alalamike. Ana nafasi, ana gari. Nani atakumbuka tarehe?"

"Alhamisi ni mvua."

"Redio ilisema mvua wiki iliyopita pia. Nilianua nyasi zangu kwa hofu, na jua likawaka kama kawaida."

Vukoman alitoka bandani. Siku ile alitembea hadi mtoni na kurudi, kilomita kumi na moja, akiwa na viatu vya kazi. Alipima hoja ya Miladin kama alivyopima mti, pande zote, na tatizo halikuwa dhamiri peke yake. Huwezi kumpa mtu muda wa siku nne kwa kutegemea mizizi ambayo hujui imebaki mingapi. Dhamiri nayo ilikuwepo. Alikuwa ametembea na daktari yule katikati ya mistari, akamwonyesha plamu, akamwambia: hapa hakuna kitu kilichofichwa.

Jumanne asubuhi timazi ilionyesha kidole kingine kimoja. Alimpigia simu daktari akiwa bado amesimama kwenye uzio, akamweleza yote.

"Sawa," Nebojša alisema kwa upole wa mtu aliyezoea kuwatuliza wagonjwa. "Uangukie shambani. Halafu unaukata vipande na kuvipeleka. Si ndiyo kazi yako?"

"Haukatwi."

"Ukishaanguka?"

"Ukishaanguka ndiyo zaidi."

"Bwana Vukoman, samahani. Wewe mwenyewe unaamini haya?"

Vukoman aliutazama mlango wa jiko la Kosana. "Watu wanaokaa hapa wanaamini. Utakaa nao."

"Nitakuja Ijumaa nione," daktari alisema, na sauti yake ilikuwa tayari imetoka Cerovik.

Kosana hakuambiwa kitu kuhusu simu hiyo. Aliambiwa kuhusu waya, na kwa mara ya kwanza katika wiki hiyo aliinuka mwenyewe kuja kwenye uzio.

"Chuma hakitaugusa?"

"Tutafunga magunia chini ya waya."

"Magunia," alisema kwa dharau. Aliingia ndani, akatoka na mazulia mawili ya sufu aliyoyafuma kwa ajili ya harusi yake, mekundu na meusi, ambayo hakuna mguu uliowahi kuyakanyaga. "Funga haya. Na usinishukuru, nisije nikabadili mawazo."

Jumatano kijiji kilikuja bila kuitwa mara mbili. Hiyo huitwa moba: mwenye kazi kubwa kuliko nyumba yake hupata mikono ya nyumba nyingine, na deni lake ni chakula. Kazi ya kwanza ilikuwa plamu. Zilikuwa zimeiva, buluu, zenye ukungu wake juu ya ngozi, na mstari wa tatu na wa nne ulibidi uvunwe kabla ya saa tisa. Watu kumi na tisa walitandaza vitambaa chini na kutikisa matawi. Ndoo zilikwenda kwenye mapipa barazani kwa Vukoman, nazo hazikukoma.

"Upole, jamani, mnaichuma au mnaipiga?" mmoja aliuliza.

"Mti unaokufa mchana huu, unauonea huruma asubuhi?"

"Nauonea huruma mgongo wangu."

Vukoman hakuchuma. Alikuwa na kazi ya kamba. Mtu haruhusiwi kuukwea zapis, kwa hiyo ilibidi arushe kifuko cha mchanga chenye uzi mwembamba juu ya panda, mita kumi na mbili kutoka ardhini. Mara ya kwanza kilirudi usoni mwake. Mara ya nne wachumaji walianza kuhesabu kwa sauti. Mara ya saba Miladin alitangaza kwamba Austria imeshindwa. Mara ya kumi na moja kilipita. Uzi ukavuta kamba, kamba ikavuta mazulia yaliyoshonewa kwenye waya, na rangi nyekundu ya harusi ya Kosana ikapanda taratibu kwenye gome la mwaloni, huku yeye mwenyewe akielekeza kutoka kwenye ngazi kwamba upande wa kushoto umekunjamana.

Mizizi ya mashariki ndiyo iliyobaki. Kuikata haikuwezekana. Miladin alileta tangi lake la kunyunyizia dawa, alilolisafisha na kulijaza maji ya mtoni, wakaosha udongo kwa mpira wa maji, tangi baada ya tangi, hadi mizizi ikabaki wazi kama vidole vya mtu anayeshikilia ukingo. Vukoman alipiga magoti kwenye tope, akaitazama mmoja mmoja. Miwili ilikuwa mizima. Alikuwa amedhani ni mitano. Aliinuka haraka.

"Mama mdogo, toka kwenye ngazi."

"Nipo mbali."

"Hupo mbali. Toka, nenda barabarani."

Kosana alifungua kinywa, akamtazama usoni, akatoka.

Trekta la kwanza lilifungwa kwa trekta la pili ili lisivutwe. Padri alisoma sala kwa kasi isiyo ya kawaida yake, kwa sababu upande wa mlima Rudnik mawingu yalikuwa yameanza kuwa na rangi ya risasi, siku moja kabla ya redio. Waya ukakaza. Kwa dakika nzima hakuna kilichotokea ila mlio wa winchi. Kisha upepo ulivuma kutoka magharibi, mti ukaegemea nyumba, na magurudumu ya mbele ya trekta la Miladin yakanyanyuka kiganja kimoja kutoka ardhini.

"Usilegeze," Vukoman alisema. Hakupaza sauti. "Usilegeze, usiongeze. Subiri upepo upumue."

Alisubiri yeye asiyejua kusubiri, mkono mmoja hewani, akihesabu. Upepo ulipopungua alishusha mkono, winchi ikavuta, na mzizi mmoja ukakatika kwa sauti ya bunduki. Mwaloni uliinuka, ukasimama wima kwa muda kama ulivyosimama alipokuwa mdogo, kisha ukaelekea magharibi, polepole mwanzoni, ukalala juu ya mstari wa tatu na wa nne. Miplamu tisa ilikwenda nao. Ardhi ilitikisika hadi barabarani.

Bibi mmoja alifanya ishara ya msalaba, na ubishi ukaanza, kwa sababu msalaba wa zapis ulikuwa umeangukia upande wa chini, na watu walitaka kujua kama hiyo ni heri au shari. Padri alisema ni mvua, tukimbie. Walikimbilia barazani kwa Vukoman, wakala maharage na nyama wakiwa wamesimama kama yeye, kwa kuwa mapipa yalijaza nafasi yote ya kukaa.

Usiku huo mvua ilinyesha kwa nguvu, na Kosana alilala sebuleni.

Ijumaa saa nne Nebojša aliegesha gari barabarani. Alitembea kando ya shina kuanzia mizizi hadi matawi, viatu vyake vikizama, akasimama mahali mstari wa tatu ulipokuwa.

"Utachukua muda gani kuoza?"

"Mwaloni huu? Miaka sitini. Sabini, kama majira ni makavu."

"Na trekta litapitaje kwenda mistari ya chini?"

"Itabidi lizunguke."

Daktari alitikisa kichwa, si kwa hasira. Alisema kwamba mahali ni pazuri sana, na kwamba atafikiri. Alimpa mkono. Kosana, aliyekuwa akitazama kutoka dirishani, alisubiri gari lipotee, ndipo alipokuja na chupa ya rakija, pombe kali ya plamu, na glasi mbili.

"Alikuwa anunue," alisema.

"Alikuwa."

"Ulijua Jumanne kwamba hatanunua?"

"Nilijua Jumatatu."

Kosana alimimina. "Ningekuambia usifanye," alisema.

"Ndiyo maana sikukuambia."

Alikunywa, akamtazama mtoto wa kaka wa mumewe akisogea kutoka nguzo hadi nguzo ya baraza. "Basi kaa kidogo. Hata glasi moja, Vuko. Hakuna anayekufukuza."

Alikaa. Alikaa muda wa glasi moja, kisha akainuka kwenda kwenye mapipa. Yalikuwa kumi na matatu, na plamu zilikuwa zimeanza kuchemka. Ganda linapanda juu na lisiposhindiliwa kila siku, asubuhi na jioni, mchanganyiko wote unakuwa siki. Alichukua mti wa kushindilia, akaanza na pipa la kwanza. Alikuwa kwenye la tano Desanka alipopiga simu kutoka Linz.

"Upo kwenye basi kesho?"

"Plamu zinachemka."

"Nani aliyekuambia uchume plamu?"

"Zilibidi kuchumwa. Nitakueleza."

"Muda gani?"

"Wiki tatu. Halafu zipikwe rakija."

"Halafu?"

Aliibana simu kwa bega, akashindilia. Povu la zambarau lilipanda hadi viganjani. Pipa la sita lilikuwa linasubiri, na la saba, na kwenye la nane, lililojazwa Jumatano kwa haraka bila kufunikwa, nyigu walikuwa wameshaanza kukusanyika.

"Subiri kidogo," alimwambia mkewe, akaenda kulitazama.